Maji ya Baba

Mama Kisilu alisema ameyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Alisema alikuwa akipita kwa Ndeti saa sita mchana, jua liko utosini, mzigo wa kuni za kuwapikia wachimbaji wa siku ile mgongoni, akasikia kitu kinagonga ndani ya nyumba: ko, ko, ko. Akasimama. Mlango umefungwa kwa nje, tena kwa kamba. Akabisha hodi mara tatu kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto, na hakuna aliyeitika. Kile kitu kikazidi kugonga. Ndipo alipojua kwamba ni Ndeti mwenyewe, mgonjwa wa watu, anagonga kitanda kwa kikombe cha bati, anaomba maji. Mama Kisilu akatua kuni zake chini, akalia.

"Nililia," aliwaambia wanawake waliokaa kwenye mchanga wa mto mkavu wakingoja maji yajae shimoni. "Mimi ni mtu wa kulia ovyo? Lakini siku ile nililia. Mtu na mume wake! Anamfungia kama mbuzi mwenye upele, halafu anakuja kwenye mwethya kuchimba na kucheka na sisi."

"Kwani Mutindi hucheka siku hizi?" mmoja aliuliza.

"Hucheka. Kwa ndani."

Wanawake wakaangua kicheko, na kata ikaanguka shimoni, ikabidi mmoja aingie kuitoa.

Nyuma ya ua wa miiba uliozunguka shimo lile, msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa amesimama na punda. Jina lake Mbula, na Mutindi aliyekuwa akisemwa ni mama yake. Mbula aliyajua yaliyokuwa kweli katika habari ile na yaliyotiwa chumvi. Kamba haikuwako, mlango ulivutwa tu. Hodi ilibishwa mara moja. Na Mama Kisilu hakulia. Aliondoka akiimba wimbo wa kanisani, tena kwa sauti ya pili.

Lakini kugonga kulikuwa kweli. Na mtu aliyekusikia asiinuke hakuwa mama yake. Alikuwa yeye, Mbula.

Alimgeuza punda polepole, akaenda kungoja kwenye shimo lingine, la mbali, ambalo maji yake yana chumvi.

Ndeti, baba yake Mbula, alizaliwa Kathonzweni, upande wa Makueni. Alikuja huku Zombe kununua mbuzi akiwa kijana, akaonana na Mutindi, na tangu hapo akawa harudi kwao ila kusalimia. Sokoni walimjua kwa mdomo wake. Aliweza kubishana na mnunuzi juu ya beberu mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha wakanywa chai pamoja. Akirudi nyumbani alianza kuzungumza akiwa bado kwenye njia, ili akifika mlangoni hadithi iwe imefika katikati, na Mama alianza kucheka kabla hajajua anachekea nini.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1986, Ndeti alikuwa anavaa viatu aende kanisani. Alivaa kimoja. Cha pili kilimshinda, akaanguka navyo. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukaenda upande, na maneno yote yale yakaondoka. Alilala hospitali ya misheni mwezi mzima. Mwishowe daktari akamwambia Mutindi, "Huyu sasa ni wa kutunzwa nyumbani." Alisema vile kwa wepesi, kama mtu anayekukabidhi kuku.

Kumtunza kulianza kabla ya jua. Mama alimgeuza ubavu huu, akamfuta mgongo kwa maji ya uvuguvugu ili asipate vidonda, akabadilisha shuka, akamgeuza ubavu ule. Akampa uji kijiko kwa kijiko, nusu ukitoka kwa pembe ya mdomo, naye akiukusanya na kuurudisha. Kisha mashuka. Kisha mto, maana mashuka hayafuliwi kwa maneno, na mtoni ni mwendo wa saa nzima. Ndeti alikuwa mtu mkubwa na Mutindi alikuwa mwembamba. Kila alipomwinua alikaza meno, na akimlaza alishika kiuno chake mwenyewe na kutazama ukutani kidogo.

Jioni, akimlisha, alimpasha habari za siku.

"Leo tumechimba kwa kina Mbuvi. Ardhi ngumu kama nini! Unakumbuka ulikataa kununua shamba lile?" Hapo alinyamaza, kiasi cha mtu kujibu. Kisha akaendelea, "Basi, kumbe ulikuwa na haki."

Mbula alikaa mlangoni akichambua maharagwe na kusikiliza. Katika yale mapengo aliyoacha mama yake, yeye alitia sauti ya baba kichwani: ile nene, yenye mkwaruzo, iliyokuwa ikimwita "mzee wangu" ingawa alikuwa msichana. Siku nyingine ilikuja vizuri. Siku nyingine aliitafuta asiipate, akaogopa kwamba anaanza kuisahau.

Mwezi wa nane shule zilifungwa. Kikundi cha mwethya, yaani wale wanawake wa kijiji waliokuwa wakichimba shamba la huyu leo na la yule kesho, kilikuwa kinachimba matuta kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: asiyekuja kwa wenzake, wenzake hawaji kwake. Mutindi hakuwa na mwanamume wa kumchimbia. Alipaswa kwenda kila Jumanne na kila Alhamisi.

"Nakuachia baba yako," alimwambia Mbula siku ya kwanza. Aliweka kibuyu cha maji na kikombe cha bati kando ya kitanda. "Mwinue kichwa, mpe kidogo kidogo, asipaliwe. Kibuyu hiki nikikikuta kitupu nitajua umefanya kazi. Akitaka kitu atagonga."

"Sawa, Mama."

"Na mlango uvute, kuku wasiingie."

Siku ya kwanza kibuyu kiliisha. Siku ya pili kiliisha pia, lakini saa nne asubuhi Mbula aliona shuka likibadilika rangi.

Hapo hakujua la kufanya. Kwao, msichana wa umri wake hamfunui baba yake, hata akiwa mgonjwa. Hilo ni la mke, au la mwanamume mwenzake. Hakuna aliyemfundisha Mbula jambo hilo kwa maneno. Alilijua tu, kama unavyojua kwamba huketi kwenye kiti cha mzee. Basi baba akabaki ndani ya shuka lililolowa tangu saa nne hadi saa tisa. Nzi wakaja. Mbula aliwafukuza kwa tawi. Baba aligeuzia uso ukutani, na jicho la upande ulio mzima likatoa machozi.

Mbula hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitoka, akaingia jikoni, akajifanya anachochea moto ambao haukuwako.

Mama aliporudi, mikono ikiwa na malengelenge ya jembe, alifunua, akafuta, akakunja. Kisha akafunga mitungi juu ya punda, akaenda tena mtoni, na jua lilikuwa linazama aliporudi.

Wazo lilimjia Mbula Alhamisi hiyo, na lilikuja kama wazo zuri. Asipokunywa, hatalowa. Asipolowa, hatalia, na Mama hatakwenda mtoni mara ya pili. Jumanne iliyofuata alimpa vikombe viwili badala ya kibuyu kizima. Alhamisi kimoja. Kuanzia hapo, hata siku nyingine Mama akienda shambani kwake, alifanya vivyo hivyo. Yaliyobaki aliyarudisha kwenye mtungi mkubwa, maana huku kwetu maji hayamwagwi, na Mama akakuta kibuyu kitupu.

"Amekunywa yote?"

"Yote, Mama."

Hapo ndipo wazo lile lilipoanza kumfaa na yeye pia, na hilo hakutaka kulitazama. Shuka likiwa kavu, alikuwa na mchana wake. Alikaa kivulini nyuma ya nyumba na kiondo alichokuwa anasuka, na baba akigonga alikwenda, akamlowesha midomo kwa kidole, akamwambia, "Mama anakuja sasa hivi." Baada ya siku chache hakwenda kila alipogongewa. Ile Jumanne ya Mama Kisilu, alisikia ko, ko, ko, akasema moyoni, nimalize mstari huu. Akasikia hodi. Akainama kwenye kiondo chake hadi kuni za Mama Kisilu zikapotea njiani.

Lakini jambo ambalo Mbula hakulifikiria ni furaha ya mama yake.

"Mbula! Njoo!" Mama aliita jioni moja kutoka chumbani, na sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya wakati wa hadithi za njiani. "Gusa hapa. Gusa! Pakavu. Ni siku ya tatu hii nikirudi nakuta pakavu. Unajua maana yake? Mwili umeanza kujishika. Hospitalini kulikuwa na mama mmoja aliniambia, huanza hivyohivyo. Kwanza hilo, halafu mguu, halafu mdomo." Akamwinamia mumewe. "Unanisikia, baba Mbula? Unarudi. Unarudi polepole lakini unarudi."

Akanyamaza kiasi cha mtu kujibu. Safari hii hakuendelea. Alingoja kwa kweli.

Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na watu wakapiga makofi. Jumatatu alifua koti la sokoni la Ndeti, akalianika. "Krismasi atakaa nje," alimwambia Mbula huku akilikung'uta. "Utaona. Watu watamsikia kutoka barabarani." Mbula alilitazama lile koti likipepea mikono miwili bila mtu ndani. Sasa akisema, hatasema tu kwamba alidanganya. Atamnyang'anya mama yake Krismasi.

Akanyamaza. Wiki ile ndiyo aliyoyasikia maneno ya Mama Kisilu mtoni, na bado akanyamaza.

Ijumaa asubuhi Ndeti hakuamka kwa uji. Midomo ilikuwa imepasuka, mwili moto kama sufuria. Mama alimwita kwa jina, akamtikisa bega, kisha akatoka nje akipiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa Nzioka, mume wa Mama Kisilu, mtu mpole wa maneno machache. Alifunga mkokoteni wake, wakampeleka Ndeti kwenye zahanati.

Nesi wa pale aliitwa Waringa, mwanamke wa upande wa Murang'a aliyezungumza haraka huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Alibana ngozi ya mkono wa Ndeti kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama.

"Huyu anakunywa maji kiasi gani?"

"Kibuyu kizima mchana," Mama alisema. "Na vikombe viwili nikirudi."

"Mama, sikulaumu, lakini hebu niambie ukweli."

"Kibuyu kizima. Namwachia."

"Namwona mtu ambaye hajanywa maji kwa siku nyingi. Mkojo wake ni kama chai ya rungi, isiyotiwa maziwa. Kiu hiyo imemletea homa ndani." Nesi alikuwa tayari anatafuta mshipa kwa sindano ya dripu. "Mgonjwa wa kulala anataka maji kuliko wewe unayetembea. Mnafikiri nini nyinyi? Mnabania mtu maji?"

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Mbula alikuwa ameshika nguzo ya mlango, akihesabu misumari iliyokuwa juu yake.

Habari zilifika Kathonzweni kwa basi, na kwa basi akaja baba mkubwa Mulei, kaka wa Ndeti, Jumatatu mchana, na kofia yake ya kijivu na mkoba mdogo. Ndeti alikuwa amerudishwa nyumbani asubuhi hiyo, amefumbua macho, homa imeshuka. Mulei alikaa naye chumbani kwa muda, kisha akatoka, akaomba viti viwekwe uani. Nzioka alikuja. Mama Kisilu alikuja pia, bila kuitwa, akisema ameleta unga.

"Mimi si mtu wa kuzunguka," Mulei alianza. "Mama Mbula, nimesikia hadi Kathonzweni kwamba ndugu yangu anafungiwa ndani akigonga akiomba maji. Nikasema, watu husema. Nimepita kwa nesi. Nesi naye ananiambia hakunywa maji. Sasa niseme nini?"

"Nilimwachia maji," Mutindi alisema.

"Aliyaona tu, au aliyanywa?"

"Mimi nilisikia na masikio haya," Mama Kisilu aliingilia. "Nikabisha hodi mara tatu..."

"Mama Kisilu, umesema ulileta unga," Nzioka alimwambia mkewe. "Uweke jikoni."

"Nitauweka nikimaliza."

Mulei aliinua mkono. "Sitaki maneno mengi. Siwezi kukupiga wala kukutukana. Umezaa na ndugu yangu. Lakini kesho kuna basi. Nitamchukua. Mama yetu bado ana nguvu, na wake za kaka zetu wako. Wewe baki na shamba na mtoto. Akipona atarudi mwenyewe."

Kutoka Zombe hadi Kathonzweni ni safari ya siku nzima na mabasi mawili. Mutindi hakulia. Alikaa mikono ikiwa mapajani, viganja juu, malengelenge yakionekana. Kisha aliinua macho akamtazama Mbula, mara moja tu, na akayarudisha chini.

Mbula aliuona mtazamo ule, akajua kwamba mama yake ameshajua. Pengine alijua tangu kwa nesi. Alikuwa amehesabu vikombe na siku kavu, akapata jibu, na alikuwa ameamua kukaa nalo hivyohivyo, achukuliwe mume na asitajwe mtoto.

"Ni mimi," Mbula alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Akasema tena.

"Baba mkubwa, ni mimi niliyemnyima. Mama aliacha maji. Nilikuwa nayarudisha mtungini halafu namwambia amekunywa yote."

"Mnaona?" Mama Kisilu alipiga kofi moja. "Mtoto amefundishwa kumtetea mama yake!"

"Sijafundishwa. Ile Jumanne nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilikusikia, Mama Kisilu. Ulibisha mara moja tu. Ukasema, 'Hodi hapa, ama watu wamekufa wote?' Kisha ukaenda ukiimba."

Nzioka alikohoa, akaficha mdomo kwa kiganja. Mama Kisilu alitazama unga wake.

"Kwa nini?" Mulei aliuliza. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba yako alikukosea nini?"

Basi Mbula akaeleza, na mara alipoanza hakuweza kusimama. Alieleza shuka, na nzi, na saa nne hadi saa tisa, na jinsi baba alivyogeuzia uso ukutani. "Mimi siwezi kumfunua. Na mama hayuko. Nikaona akinywa kidogo hataaibika. Na Mama hatakwenda mtoni tena, maana anashika kiuno hivi." Akashika chake kuonyesha. "Na mimi pia sikutaka kwenda. Baadaye alikuwa anagonga na mimi nasuka kiondo tu."

Aliposema hilo la mwisho, Mulei alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaitazama ndani.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Mtoto wa kike peke yake na baba yake hivyo." Akamgeukia Mutindi. "Na wewe, mama Mbula. Miezi sita hii. Mbona hukusema kwamba kazi imekushinda?"

"Ningemwambia nani?" Mutindi alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Nikisema nimechoka, mngesema nimemchoka yeye. Sijamchoka. Ninamtaka. Niko naye kitanda kimoja na ninamtamani kama mtu aliyesafiri. Kila siku namsemesha nikisubiri anijibu hata kwa tusi. Halafu nikakuta shuka kavu, nikadhani..." Alifunika uso kwa leso yake.

Mama Kisilu ndiye aliyeinuka. Alisimama karibu naye bila kujua aweke mikono yake wapi, kisha akaiweka mabegani mwake. "Kumbe sisi tulikuwa tunachimba na wewe kila Jumanne," alisema polepole, "na hakuna aliyekuuliza nani amebaki naye."

"Ningekuja," Nzioka alisema. "Saa sita na saa tisa. Ndeti ni rika langu, hawezi kunionea haya. Nitakuja kumgeuza na kumbadilisha. Ningekuja tangu zamani, kama ningeambiwa."

Walizungumza hadi vivuli vikarefuka. Mulei alikubali kwamba ndugu yake hatoki Zombe. Mama Kisilu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya, alisema Mutindi atakuja siku moja tu kwa wiki na matuta yake yatachimbwa kama ya wengine. Na siku hiyo yeye mwenyewe atakaa na mgonjwa. "Na kama kuna mwanamke mwenye maneno, aje kwangu," alisema, na kwa mara ya kwanza Mutindi karibu acheke, tena si kwa ndani.

Mwishowe Mulei alimwita Mbula, akamsimamisha mbele ya magoti yake.

"Sikiliza. Kuogopa aibu ya baba yako si kosa. Kuchoka si kosa. Hata mama yako amechoka, na mimi nikikaa hapa wiki moja nitachoka. Kosa lako ni kwamba ulichoka ukanyamaza, kisha ukajitafutia nafuu kwa mtu asiyeweza kusema. Mgonjwa asiye na mdomo, wewe ndiwe mdomo wake. Ukidanganya wewe, hakuna wa kukusahihisha. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Na nyinyi wakubwa," aliongeza, akiwatazama wote, na yeye mwenyewe pia kama ingewezekana, "mtu akitunza mgonjwa msingoje aje kulia kwenu. Nendeni mkaulize. Mimi nilituma salamu mara mbili tu tangu mwezi wa pili, na sasa nimekuja na mkoba kumchukua mtu."

Mulei alikaa siku kumi. Nesi Waringa alipita siku ya tatu, akabana ngozi ya Ndeti, nayo ikarudi mahali pake mara moja. "Hivyo ndivyo," alisema. "Maji, maji, maji. Akilowa, mshukuruni Mungu, mfue."

Na alilowa. Asubuhi ile Mbula alimwona mama yake ametoka na shuka mikononi, akasimama nalo uani kwa muda mrefu, akilitazama kama barua. Ndeti alikuwa hai. Ndiyo maana ya shuka lile. Na mwili wake haukuwa umeanza kujishika. Hiyo nayo ilikuwa maana yake. Mama alilitia kwenye karai. Kisha alikwenda barazani, akatoa koti la sokoni msumarini, akalikunja vizuri na kulirudisha sandukuni. Hakulikunja kwa hasira. Alipitisha kiganja juu ya kola yake, mara mbili.

Kuanzia siku hiyo Mbula alitumwa mtoni, shambani na dukani, na kila kazi aliifanya mbio. Lakini kikombe cha bati kilishikwa na Mama, au na Nzioka, au na Mama Kisilu. Hakuna aliyemkataza kukishika. Hakupewa tu.

Jumatano jioni, baada ya Mulei kuondoka, Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda akimpa Baba uji. Alikuwa anampasha habari za basi, jinsi kondakta alivyobishana na Mulei kuhusu mkoba. Macho ya Baba yalikuwa wazi, yamemtazama yeye.

Mbula aliingia akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama."

"Mm."

"Kesho ni mwethya. Mama Kisilu anaweza kuja, lakini si lazima. Nzioka atakuja kumbadilisha. Maji nitampa mimi. Nitampa yote, na akigonga nitakuja mbio. Mama, niachie Baba tena."

Mama alichota uji kijikoni, akaupuliza, akaupeleka polepole kwenye mdomo wa mumewe, na kwa kidole akakusanya uliotoka pembeni, kikombe cha bati kikiwa bado gotini pake.